Miwani ya Darasa Tupu

Benchi la mbele ya duka la mama Okbun halijawahi kukosa wabishi. Pana kahawa ya pakiti, maziwa na sukari humohumo, vikombe vya karatasi, na midomo isiyojua kufunga. Mada ya leo ni miwani. Chama cha waliosoma shule ya kijiji kimeinunulia shule miwani inayomwonyesha mtoto vitu ambavyo havipo, kana kwamba viko mezani kwake. Shule yenyewe imebaki na mwanafunzi mmoja tu, Da-on, mjukuu wa Pansul. Mama yake Da-on anataka kumhamishia kwake mjini, na anangoja jibu la Pansul jioni hii. Pansul hataki hata kulifikiria.

— Jana mtoto kaona moyo wa binadamu ukidunda hewani! alijigamba Katibu wa chama, aliyeongoza mchango wa miwani.

— Moyo? alidakia Redio, kinyozi mstaafu. Hapo jirani na shule mpunga umechanua, yeye anaonyeshwa mpunga wa hewani. Mna akili nyie?

— Redio, wewe hata simu yako unaishika juu chini. Elimu ndiyo hii! Pansul, mwambie binti yako mtoto haendi popote. Haba na haba hujaza kibaba.

— Haba ipi, na mtoto mwenyewe ni mmoja?

— Ndiyo raha yake! Miwani inamletea darasa zima. Wenzake ishirini, wamekaa kimya, hawana kamasi.

Redio alicheka mpaka akajimwagia kahawa.

— Basi na kesho kwenye michezo ya shule wapo? Timu ya bluu na timu nyeupe?

— Wapo! Watavuta kamba, watashangilia. Mwakani tunaongeza na wazazi. Mwaka wa tatu, kijiji kizima kinajaa watu.

— Na marehemu je, mtawarudisha wapige kura? Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

— Hiyo methali haihusu!

— Inahusu sana, kaka. Mmefufua shule kwa kuivalisha miwani!

Pansul alichukia kicheko cha Redio. Alimchukia zaidi Katibu, kwa sababu alitamani sana kumwamini. Nyumba bila Da-on ataishi nayo vipi?

— Mwacheni mtoto, alisema. Anafurahi.

Da-on akatokea njia ya shule, miwani kaipandisha juu ya paji la uso. Akainama kuwaamkia wazee, kisha akamshika babu yake mkono.

— Babu, umenunua mwani wa kuviringishia wali wa kimbap ya kesho?

— Nimenunua. Na yai, na figili ya njano.

— Mama anasema zamani siku ya michezo walikuwa wanabadilishana kimbap na wenzao. Na mimi nimbebee nani?

Redio alijipangusa kahawa. Katibu aliangalia ndani ya kikombe chake.

— Wale wa kwenye miwani wanakula, babu?

Mama Okbun alikuja na birika kuwaongezea maji ya moto, akaona nyuso zao, akarudi nalo ndani.

Pansul alimvua mtoto miwani, akamkabidhi Katibu. Kisha akatoa simu mfukoni, akampigia binti yake.

— Njoo kesho mapema, alisema. Tule kimbap pamoja. Halafu utaondoka naye.