Fagio la Mzee Eutimio Bado Halijaingia

Mzee Eutimio Retamar Blázquez alizaliwa hapa hapa Robleda del Puerto, chini ya milima ya Gredos, tarehe 20 Januari 1951, siku ya Mtakatifu Eutimio. Angechelewa siku moja tu angeangukia kwa Mtakatifu Inés, jina la kike, na mama yake, Nicasia, hakuwa mtu wa kubishana na kalenda. Familia inaamini hiyo ndiyo mara pekee marehemu aliwahi kufika kwa wakati.

Alisoma shule ya kijiji mpaka mwaka 1963, kisha akaenda na baba yake mdogo kuswaga ng'ombe. Kila vuli waliwateremsha kwa ile barabara ya mawe ya Warumi kwenda malisho ya kusini, na kila Juni wakawapandisha tena. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya kundi kabisa, ili anayechechemea asiachwe. Kwa hiyo mkiulizwa marehemu alisomea nini, semeni alisomea vumbi.

Kuanzia 1974 hadi alipostaafu 2016 aliendesha gari la mkate. Mnaikumbuka ile honi. Mnakumbuka pia kwamba hakuondoka mtaani mpaka bibi wa mwisho atoke na ndala zake, achague, abadilishe mawazo, achague tena. Vijiji vya mbele vilikula mkate wa baridi kwa miaka yote hiyo na havikumwacha. Hata kwenye kundi la WhatsApp la familia, salamu za Krismasi alizijibu Januari, kwa kidole gumba.

Tarehe 18 Septemba 1976 alifunga ndoa na Obdulia Chinarro. Siku hiyo bwana harusi alisimama mlangoni mwa kanisa akisubiri wageni wote waingie kwanza, pamoja na mjomba mmoja aliyekuwa bado anatafuta pa kumfunga punda. Bi Obdulia alikuwa ameshafika altareni, peke yake. Padre akamwinamia: “Binti, una uhakika?” Akajibu, “Nilikuwa nao nilipotoka nyumbani.” Walijaliwa mtoto mmoja, Fermín.

Mwaka 2005 kijiji kilianzisha mbio za mlimani, kupanda ile barabara ya mawe mpaka kilele na kurudi. Akahitajika mtu wa kutembea nyuma ya mkimbiaji wa mwisho, fagio mgongoni, asibaki mtu mlimani. Hakuna aliyeuliza nani. Kila Mei marehemu alikata fagio lake mwenyewe kutoka vichaka vya maua ya njano kule juu. Na sheria ikawa moja: fagio lisipopita chini ya lile tao la kujazwa hewa pale uwanjani, mbio hazijaisha. Tao halitolewi hewa, na viazi vya kuponda vya karamu havipakuliwi.

Mwaka mmoja dada mmoja kutoka Valladolid alibanwa na misuli kwenye yale mawe yanayoteleza. Akamwambia, “Babu, nipite tu, nimekufa.”

“Siwezi, mwanangu. Nikikupita, wewe si mkimbiaji tena, ni mtalii.”

Akacheka, akainuka, akamaliza. Anaitwa Begoña, na amerudi kila mwaka kushika nafasi ya mwisho kana kwamba kuna medali yake.

Oktoba 2022 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Daktari alikataza milima. Bi Obdulia akaficha viatu ndani ya oveni, mzee akapanda na viatu vya gari la mkate. Mwaka huu, asubuhi ya mbio, walizozana jikoni, na majirani walisikia, basi tuseme yalivyokuwa, kama Bi Obdulia mwenyewe alivyotaka yasomwe.

“Daktari kasema nini?”

“Kasema nisikimbie. Mimi nimewahi kukimbia lini, Obdulia? Uliza mtu yeyote.”

“Usinichezee, Eutimio. Kwani kijiji kizima hakina mwingine wa kukaa nyuma?”

“Hakuna anayetaka.”

“Na mimi je? Nikibaki nyuma, nani atanisubiri?”

Marehemu aliinama. Alifunga kamba za viatu, akatoka.

Hiyo ilikuwa Jumapili, 26 Mei 2024. Wakati wa kushuka alimwambia Begoña, “Tangulia, nakuja.” Begoña alifika uwanjani, akageuka kumsubiri. Walipopanda kumtafuta, walimkuta ameketi kwenye jiwe la ukingo, fagio magotini. Moyo ulikuwa umesimama.

Tangu siku hiyo tao limesimama uwanjani, na pampu yake inanguruma usiku na mchana chini ya dirisha la Bi Obdulia. Jumapili jioni alifungua dirisha akapaza sauti, “Lizimeni hilo dubwana!” Meya akavua kofia. “Hatuwezi, Bi Obdulia. Fagio halijaingia.” Wakamwomba jeneza lipitishwe chini ya tao. Akakataa. “Mbio zimemchukua, sasa mnataka na mazishi yake?” Hajalala tangu hapo. Hajawasamehe, na tusimharakishe.

Lakini leo asubuhi alishuka mwenyewe mpaka uwanjani. Alilitazama tao muda mrefu. Kisha akasema, “Yeye apite njia ya kawaida. Fagio nipeni mimi.”

Basi tukitoka hapa, jeneza litatangulia kwa njia ya kanisani, na sisi sote tutalifuata. Bi Obdulia atakuja wa mwisho, peke yake, na fagio, kupitia uwanjani. Ameomba asishikwe mkono. Langoni mwa makaburi tutasimama, tumsubiri hata ikichukua alasiri nzima. Pampu ikinyamaza, tutajua amepita.

Marehemu ameacha mjane, Obdulia; mwana, Fermín, na mkewe Charo; wajukuu Nuria na Iker; dada yake Casilda; na Begoña, ambaye familia imeamua kumhesabu.

Mlima uko mtupu, mzee. Wote wameshashuka. Sasa na wewe pumzika.