Eilif Nymo, Mpishi wa Meli ya Barafu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Synnøve, binti mkubwa wa Eilif Nymo, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1951 kisiwani Skjervøy, mtoto wa tatu wa mvuvi, akasoma shule ya hapo hapo, kisha upishi mjini Tromsø, alikohitimu mwaka 1969. Mwaka 1976 alifunga ndoa na mama yetu, Solbjørg, wakatupata mimi na mdogo wangu Trygve, na mwaka 1984 akaajiriwa kwenye Havørn, meli ya utafiti iliyokwenda Svalbard, visiwa vya kaskazini kabisa, kila kiangazi kupima mito ya barafu inavyoyeyuka.

Tarehe 18 Agosti 2006, watafiti walipomaliza kuchimba magogo ya barafu yenye hewa ya karne nyingi iliyonaswa ndani, baba aliwapikia chapati za maji pale sitahani, akachomoa plagi ya kontena la friza lenye magogo hayo, akachomeka kikaango chake, wakala na kucheka, naye akasahau kuirudisha. Miaka ya nyuma walifanya hivyo bila neno, baridi ya nje ikiyalinda magogo, lakini safari hiyo ilinyesha mvua usiku kucha, na asubuhi kontena lilikuwa likichuruzika maji.

Kiongozi wa msafara, Dkt. Aud Fagerli, hakumfokea, alisema tu, "Acha kujitesa, Eilif, mwakani tutachimba tena." Walirudi mwaka uliofuata, wakakuta maji yamepenya mto ule wa barafu hadi chini, tabaka zimevurugika, hakuna cha kusomwa tena. Baba alisema afadhali angetukanwa. Hakupika chapati tena, hata kwenye harusi yangu, wageni wakamwita bahili, naye akaona afadhali alipokee jina hilo kuliko kueleza.

Alistaafu mwaka 2013, akaugua saratani ya mapafu Novemba 2022, akafariki nyumbani tarehe 2 Februari 2023, akiwa ameniagiza nimwombee msamaha kwa Aud. Nilimpigia simu, akasema, "Synnøve, mimi ndiye niliyemwambia achomoe. Nilimwambia, ni dakika kumi tu, mzee. Halafu nikamwacha aubebe mzigo peke yake, na naomba ulisome hilo mbele ya watu." Nimelisoma, naye yupo hapa, kiti cha mbele.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, mabaharia wa Havørn, na Aud, ambaye chapati alizopika alfajiri zinatungoja ukumbini. Bado nina hasira naye, lakini nitakula. Baba, kosa lile halikuwa lako peke yako, liache hapa nasi, upumzike kwa amani.