Sabuni Iliyokataa Povu Emali

Ndugu zangu wa kanisa la hapa Salama, Bwana asifiwe! Itikieni bila haraka, maana mimi mwenyewe nikiharakishwa hamtasikia kitu. Naitwa Kioko. Leo jina limetoka vizuri. Kuna siku halitoki.

Mimi ni mtoto wa milima ya Kilungu, na nilizaliwa na kigugumizi pamoja na udadisi. Watu husema ulimi hauna mfupa. Wangu ulikuwa nao, tena wa ng'ombe! Lakini ajabu ni kwamba nikiongea na mbuzi wa mama, neno halikukwama. Akija mtu, limekwama. Nilijiuliza tangu utoto, mbuzi ana nini ambacho mtu hana? Mama aliomba, wazee wa kanisa wakaniwekea mikono. Nikasimama niwashukuru, na asante yenyewe ikakataa kutoka. Wakacheka kidogo, nami nikacheka nao, lakini moyo uliniuma sana.

Basi miaka ya themanini nikaenda chuoni kusomea mauzo na masoko. Haya, chekeni! Bubu anaenda kujifunza kuuza! Lakini nilitaka kujua. Kwa nini mama apite maduka yote ya sokoni akanunue chumvi kwa lile la mwisho? Kwa nini mabeseni mekundu yaishe na ya kijani yabaki? Hakuna mtu nyumbani aliyekuwa na jibu, na nilisikia huko chuoni kuna watu wanaofundisha mambo hayo.

Ndugu zangu, masomo niliyapenda! Nilisoma habari za mteja mpaka wenzangu wa bweni wakaniambia nizime taa. Lakini maisha ya chuo yalikuwa taabu. Kwenye foleni ya chakula nilitaka chapati. Nikianza "ch-ch-ch", watu nyuma wanaguna, basi nasema "ugali". Nilikula ugali nisioutaka karibu mwaka mzima, kwa sababu tu jina lake lilikuwa jepesi mdomoni.

Kisha ikaja zamu yangu ya kusimama mbele ya darasa niuze kitu. Nilishika kichana. Mnajua kichana kinaanza na herufi gani. Darasa likaangua kicheko, nikarudi kukaa bila kusema hata neno moja kamili. Mwalimu wetu, Bi. Wanjiru, hakucheka. Aliniita pembeni akasema, "Kioko, mitihani yako ni mizuri, lakini muuzaji ni mdomo. Nenda mafunzo ya kazi. Ukirudi ukiwa hivi, nitakuhamishia kozi ya kutunza stoo." Nililia, ndugu zangu. Huko ningehesabu magunia, na maswali yangu ningempelekea nani?

Nikapelekwa kwa kampuni moja ya sabuni kutoka Nairobi. Tulizunguka masoko ya barabara ya Mombasa na gari lenye spika. Mkubwa wetu, Bwana Muthoka, alikuwa na sauti ya kuamsha kijiji. Kazi yake ilikuwa kuifikicha sabuni ndani ya beseni, povu lifurike, kina mama washangilie. Kazi yangu ilikuwa kubeba beseni. Nilishukuru, maana beseni haliulizi jina.

Siku ya soko Emali, maji tuliyobeba kutoka Nairobi yaliisha. Tukachota ya pale pale sokoni. Bwana Muthoka akafikicha. Povu hakuna! Akafikicha tena kwa hasira. Sabuni ikatoa vipande vyeupe, kama maziwa yaliyoganda. Watu walicheka mpaka wauza nyanya wakaacha nyanya zao waje kuona. Bwana Muthoka akapaza sauti kushinda kicheko, ikamkauka. Akanisukumia kipaza sauti. "Hawa ni watu wa kwenu. Ongea nao!" Akashuka garini akatafute maji.

Nilitaka kusema karibuni. "K-k-k-k", spika ikarusha Emali nzima. Mtu akapiga kelele, "Redio imekwama!" Aiya! Nikasema moyoni, "Bwana, nitoe hapa." Hakunitoa!

Nikainamisha macho kwa aibu, nikaona yale maji. Na udadisi wangu ukanishika pale pale. Haya maji yana nini? Nikamtazama mama mmoja mwenye kyondo, kile kikapu chetu cha kusuka, mgongoni, nikauliza, "Mama, sasa nyinyi mnafuaje nguo na maji haya?"

Akajibu, "Mwana wakwa, mwanangu, hayo ni ya chumvi! Ya kufua tunachimba mchangani, kule mtoni." Mwingine akamkatiza, "Wewe una punda. Mimi nangoja mvua." Nikauliza mto uko wapi. Nikauliza wanaenda siku gani, na sabuni wanainunua kabla au baadaye. Walijibu, wakabishana, wakasogea karibu. Kisha yule mama akauliza, "Na wewe muulizaji, unaitwa nani?"

"K-k-k..." Likakwama. Ndipo nikagundua kwamba maneno yote niliyouliza kabla yalikuwa yametoka bila kukwama! Yule mama hakucheka. Alishusha kyondo chake chini, akangoja. "Kioko," nikasema. "Haya, Kioko," akasema, "uliza tena. Kuuliza si ujinga."

Haleluya! Siku hiyo nilitoka kifungoni. Sikutolewa kigugumizi, bali hofu. Nilimweleza Bwana Muthoka niliyoyasikia, na Jumamosi, siku yao ya kufua, tulienda mtoni wanakofulia. Povu lilifurika, na Bwana Muthoka akaninunulia soda.

Nilirudi darasani chuoni nikasimama mbele ya wenzangu. Nilikwama mara nyingi. Nilingoja, nikaendelea, nikawaeleza kwa nini sabuni nzuri ilikataliwa Emali. Bi. Wanjiru alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kioko, baki." Nimeuza bidhaa barabara hii kutoka siku hizo mpaka leo, Mungu ashukuriwe!

Bado namuuliza Mungu kwa nini hakuunyoosha ulimi wote. Hajanijibu, na hajakasirika kwamba nauliza.

Sasa wewe uliyekaa nyuma, una neno la kumwambia Mungu na unaona aibu litakavyotoka. Usingoje lipone kwanza. Mwamini, simama nalo hivyo hivyo. Ibada haiishi sasa hivi. Likikwama, sisi tutakaa hapa mpaka litoke.