Nyumba ya Nusu Kilo

Benchi letu liko Nakawa, Kampala, nyuma ya soko, kati ya vibanda vya mafundi cherehani na ukuta wa godauni ambalo siku hizi halihifadhi kitu ila paka. Ni ubao mrefu juu ya matofali, umelainishwa na suruali za watu. Kahawa ni yangu mimi, Yasiin. Tangawizi naitwanga mwenyewe, na Kiswahili changu nimekirithi kwa mababu waliopanda huku na misafara ya biashara wasirudi tena pwani. Wateja wangu wa kudumu ni Afande Otema, mwanajeshi mstaafu, ambaye hata akiomba sukari utadhani katoa amri, na Wahabi, muuza redio kuukuu, tunayemwita Profesa kwa sababu ya methali zake. Anazijua zote, ila hajui hata moja inatumika wapi. Wa tatu alikuwa Kakule, fundi wa nguo, Mkongomani wa Butembo, ambaye hapa jina lake ni Nusu Kilo. Yeye alikuwa ametupotea karibu mwaka mzima, ingawa kibanda chake kiko hatua chache tu kutoka kwenye birika langu. Ijumaa hiyo, baada ya alasiri, akaja akakaa, futi yake ya kupimia nguo ingali shingoni, akasema bila hata salamu kwamba mkewe, Julienne, ameondoka.

— Ameondoka namna gani? akauliza Afande.

— Ameondoka. Amebeba kikapo kimoja tu. Alipika, akaweka chakula mu friji, akaniandikia mu simu: "Chakula iko mu friji." Basi.

— Mligombana?

— Hata. Afadhali tungegombana.

— Na yuko wapi sasa?

— Ggaba. Kwa Victoire, mtoto wa mama yake mdogo, ile anauzishaka samaki. Inaenda mwezi sasa.

Nikammiminia kahawa. Hakuigusa.

Kwa asiyemjua Nusu Kilo, nieleze. Walipofika Kampala, yeye na Julienne walipanga muzigo hapa nyuma, chumba kimoja ambamo ukinyoosha miguu kitandani unasukuma mlango. Jina la Nusu Kilo lilitoka buchani, maana kila Jumamosi alinunua nusu kilo ya nyama, haikuzidi, na alitoka nayo kama mtu aliyechinja ng'ombe. Jioni hiyohiyo walikaa mkekani wakaigawa wiki: hii kodi, hii mkaa, hii maharage na posho, hii sadaka. Kilichobaki kilikuwa Jumapili. Ikiwa kimebaki kizuri, walishuka Ggaba kando ya ziwa wakala samaki mmoja wa kukaanga, wawili kwenye karatasi moja, wakitazama mashua zikipakuliwa. Ikiwa hakikubaki kitu, walipanda mlima kwa miguu wakarudi na kipande cha muwa. Vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye kukata nguo Julienne aliviunga hadi vikawa blanketi. Makaa yaliyobaki aliyafukia kwenye majivu ili yafike asubuhi. Majirani zao waliwahi kupeleka lalamiko moja tu kwa mwenye nyumba: hawa watu wanacheka sana, hatulali.

Kisha Kakule akapata kazi ya kushona sare za shule, si shule moja, kadhaa. Mambo yakanyooka. Tukasikia amepanga nyumba Ntinda, yenye geti. Tukampongeza. Hapo ndipo alipotupotea.

— Nilitaka kumshangaza, akasema Kakule. Nilileta pikapu, nikamwambia funga macho. Nikafungua geti, nikamwambia sasa angalia. Vyumba tatu! Vigae! Jiko la gesi! Makochi!

— Akasema nini? nikauliza.

— Alisema aksanti. Akauliza sigiri yetu ya makaa iko wapi. Nikamwambia nimegawa vitu yote ya zamani. Sigiri, mukeka, blanketi ile ya vipande. Akasema aksanti tena.

Afande akatua kikombe.

— Mimi nimeshaona kosa. Kosa ni geti. Askari ukimweka ndani ya geti, hakuna doria, hakuna kazi, anatoroka. Nimeona hiyo kambini miaka yote. Si eti anachukia wewe. Anachukia geti.

— Geti halina shida, akasema Profesa. Vigae ndivyo adui. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa kwenye vigae utainamaje? Utateleza! Mwanamke amezoea mkeka, ardhi yenye joto. Baridi ya kigae huanzia unyayoni, inapanda goti, inapanda tumbo, ikifika moyoni, kwisha.

— Alikuwa anavaa soksi, akasema Kakule.

— Soksi haizuii! Na ile gesi je? Sikiliza. Mkaa una moshi. Moshi unatoa machozi. Mwanamke akipika kwa mkaa, machozi yote ya siku anayamaliza jikoni, akitoka pale ni mwepesi kama unyoya. Wewe ukamletea gesi. Machozi yakabaki ndani, yakaongezeka, yakaongezeka. Haba na haba hujaza kibaba!

— Hapo nakubali kidogo, akasema Afande. Lakini na friji pia. Chakula ikikaa ndani ya friji, inasahau nani alipika. Unakula kama chakula ya gerezani. Bibi anaona unakula namna hiyo, anasema, aa, huyu anakula ya friji, hakuli ya mimi.

Nami, ili nisionekane sina elimu, nikauliza:

— Makochi mliyafungua? Yale makaratasi ya nailoni waliyokuja nayo?

— Kaveera? Hapana. Tuliacha ili yasichafuke. Ukikaa, yanalia.

— Basi! nikasema. Marehemu babu yangu alituambia kitu kilichonunuliwa kisifunguliwe hukaliwa na mwingine. Jini halikai kwenye ubao kama huu, ubao huu una jasho la watu. Linapenda kitu kipya, kilichofungwa, kinachongoja wageni. Julienne alikuwa akikaa na jini mchana kutwa.

— Usiache mbachao kwa msala upitao, akadakia Profesa. Maana yake, mbacha ukichakaa, nunua kochi lakini vua kaveera.

Kwa kawaida hapo Nusu Kilo angecheka mpaka kahawa imtoke puani. Sasa alikuwa akiikunja ile futi na kuikunjua.

— Ninyi munaongea vigae, akasema. Mi ndiye sikuwa kule. Kodi ya Ntinda haingojee mutu. Nilitoka giza, nikarudia giza. Jumamosi sikuwa na nguvu ya kukaa tupange wiki. Nikamutumia pesa zote mu simu, nikamwambia, panga mwenyewe. Nilifikiri nimemutua muzigo. Alinijibu neno moja tu: "Nipange na nani?"

Kakule akasogeza kikombe chake kando, akaendelea:

— Nikamuambia, mama, si pesa iko? Panga unavyotaka. Jumapili akaniambia twende Ggaba. Nikamuambia Ggaba ya nini, boda italeta samaki mpaka kwa geti. Ikaleta kweli. Samaki wakubwa, wawili. Nilikuta wake amekula, wangu amefunika. Nikakula nimesimama, nikalala.

— Banange, akasema Profesa, na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

Wakati huo akaja mama mmoja mnene wa makamo, kaveera mkononi, ndani yake gauni la gomesi la hariri. Kumbe alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda cha Kakule muda mrefu, akingoja.

— Salama hapa? Mimi Amito. Natafuta fundi. Wameniambia fundi yuko kwa kahawa.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! akasema Profesa, akimsogezea nafasi. Maana yake, nyabo, mgeni ndiye anatulipia wote.

— Nitalipa yangu, akasema Amito, akakaa. Fundi ni nani?

— Huyu, akasema Afande. Lakini ana matatizo. Bibi amekimbia.

— Hakukimbia, akasema Kakule. Iko Ggaba.

Tukamweleza Amito, wote kwa pamoja: geti, vigae, gesi, jini, friji. Akasikiliza akipuliza kahawa yake. Tulipomaliza akauliza:

— Huyo mama mwenyewe anasema nini?

Tukamgeukia Kakule.

— Namuandikiaka, akasema Kakule. Namuuliza, uko salama? Anajibu, niko salama.

— Mpigie, bambi.

— Hapa?

— Simu si unayo?

Kakule akatoa simu, ile mpya, kubwa, akaigusa kwa kidole chenye tundu za sindano. Kidole kikateleza, kikagusa penye spika. Ikaita benchi zima likisikia. Kisha tukasikia mafuta yakichachatika na wanawake wakisemezana, na sauti juu ya hayo yote:

— Allô, Kakule.

— Julienne. Uko unafanya nini?

— Niko nakaanga samaki. Victoire amenipa sigiri yake moja na kona yake. Wateja wanakuja, si wengi. Na nimepata chumba, kidogo tu. Ukikaza shingo kwa mlango, unaona ziwa.

Akacheka. Mimi nilikuwa nimekisahau kicheko hicho. Zamani kilikuwa kinapita juu ya ukuta kinafika hapa kwenye birika. Nikaona hata Afande ameinua kichwa.

— Hautarudia? akauliza Kakule.

— Kule, hapana.

Alilisema bila hasira, kama mtu anayemjibu muuza mboga kwamba leo hachukui nyanya. Mafuta yakachachatika. Kakule akafumba macho. Kisha Julienne akasema, taratibu zaidi:

— Lakini wewe ukuje. Jumapili hii. Nitakuwekea samaki, tukule hapa nje.

Jamani, benchi lilinyooka mgongo. Profesa alinibana mkono kwa furaha. Afande aliinua kidole gumba mbele ya uso wa Kakule, kama mtu anayempa dereva ruhusa ya kupita.

— Jumapili hii? akasema Kakule.

— Jumapili hii.

— Jumapili hii niko na kazi ya kukata sare, Julienne. Shule zinafungua. Nimekamata avansi yao, pesa ya mbele. Nikikosa, kodi ya...

Hakumalizia. Nilimwona akiyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka, kama mtu aliyedondosha sahani na haijafika chini bado.

Kule Ggaba mafuta yaliendelea. Mwanamke mmoja aliuliza bei, mwingine akamjibu.

— Sawa, akasema Julienne. Hakununa. Afadhali angenuna. Akaongeza tu: Fanya kazi, basi. Samaki zinaungua.

Simu ikakatika.

Kakule akabaki ameishika mbele yake kwa mikono miwili.

— Nimesema nini mimi?

— Umesema una kazi, akajibu Afande. Sauti yake haikuwa ya amri.

— Mi nilitaka kusema nitakuja. Ilikuwa hapa, mu mdomo. Ni kinywa tu. Kinywa imezoea.

— Piga tena! akasema Profesa. Haraka, kabla hajafunga moyo!

Akapiga. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikaita, ikachoka.

— Mikono yake iko na mafuta, akatueleza Kakule. Hawezi kukamata simu na mikono ya mafuta.

— Kweli, nikasema. Mafuta hayo ni mabaya kwa simu.

— Na wateja wako pale, akasema Afande. Saa hizi ni saa ya wateja.

— Ndiyo. Ni saa ya wateja.

Tukanywa. Paka akashuka ukutani, akatembea chini ya benchi, akaenda zake. Amito alikuwa amemaliza kahawa yake. Akageuka kumtazama Kakule kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa.

— Fundi, usinichukie. Hiyo kazi ya Jumapili, ni ya kutafuta nini?

— Kodi, mama. Nyumba ya Ntinda ni ghali.

— Na hiyo nyumba sasa, anakaa nani?

Kakule akaikunja futi yake tena. Akamtazama Afande. Afande akaangalia viatu vyake. Mimi ningeweza kusema kitu, kwa sababu nafika hapa kukiwa bado na giza kuwasha moto wangu, na tangu Julienne aondoke nimekuwa nikimwona Kakule akitoka ndani ya kibanda mswaki mdomoni, nyuzi za vitambaa zimemnasa nywele. Anatandika mabaki ya sare chini ya meza, analala hapo. Ufunguo wa geti la Ntinda unaning'inia kwenye msumari pamoja na mikasi. Lakini hilo halikuwa jibu la kumpa mtu mbele ya watu.

— Wahenga..., akaanza Profesa.

Afande akamwekea mkono gotini.

Kakule akainuka. Akamwomba Amito asimame, akampima mabega palepale kando ya benchi, akampima kiuno, akasema gomesi ataipanua, aje kesho jioni. Alisema kwa adabu yote, aksanti mama, pole kwa kungoja. Akachukua ile kaveera akaenda nayo kibandani.

Amito akalipa kahawa yake, akaaga. Sisi tukakaa tukitazama ule mlango. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa akingoja aone fundi akitoka tena, akifunga kufuli, akikata kona kuelekea barabarani, kwenye taksi zinazokwenda mjini, na kutoka mjini zile za Ggaba. Magari yalikuwapo, konda mmoja alikuwa akiita kwa sauti. Badala yake tukasikia cherehani ikianza, polepole kwanza, kisha kwa kasi.