Jeannine Masika na Vyeti Viwili vya Jina Moja

Ijumaa, tarehe 28 Septemba 2018, Bi. Jeannine Masika anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Vyeti na Masomo ya Yeoville, Johannesburg, kwa miaka ishirini na moja. Kwa kanuni zetu, alipaswa kustaafu tarehe 31 Desemba mwaka jana, alipotimiza miaka sitini. Aliomba miezi tisa ya nyongeza na kamati ikamkubalia. Sababu yake inaelezwa hapa kwa idhini yake.

Alizaliwa Butembo, mashariki mwa Kongo, na alifundisha jiografia huko katika shule ya sekondari kwa miaka kumi na mitatu. Aliingia Johannesburg Februari 1997 na kwa miezi mitano alisuka nywele katika saluni moja ya mtaa wa Rockey. Kwa kauli yake mwenyewe, alikuwa msusi mbaya. Mteja mmoja aliyekaa kitini mwake kwa muda wa saa sita ndiye aliyempa habari kwamba ofisi yetu inatafuta mtu wa kutafsiri vyeti vya Kifaransa. Jeannine anaamini kwamba yule mama alikuwa anaokoa nywele za wengine. Aliajiriwa Julai mwaka huo.

Kwa miaka ya mwanzo kazi yake ilikuwa moja: kuvieleza vyuo kwamba Diploma ya Serikali ya Kongo ni cheti cha kumaliza sekondari, si diploma ya chuo. Barua hiyo aliiandika mara nyingi hata akawa anaiandika huku anazungumza na mteja mwingine.

Meza ya Ayalandi, inayowasaidia wanaoomba kusoma vyuo vya huko, aliipata mwaka 2003 kwa sababu hakuna aliyeitaka. Wenzake waligombea Kanada na Marekani. Yeye aliichukua Ayalandi kama mwalimu anavyochukua darasa jipya, akaanza na idadi ya watu. Karatasi aliyoiandika kwa mkono bado imebandikwa ukutani, na huirekebisha kila sensa inapotoka. Sensa ya 2016 ilihesabu watu milioni nne na laki saba na ushei katika jamhuri nzima, pungufu kidogo ya wakazi wa Johannesburg. Mwaka 1841, kabla ya njaa kuu na uhamiaji uliofuata, eneo hilohilo lilikuwa na watu zaidi ya milioni sita. Wateja waliofika wamekata tamaa aliwaonyesha tarakimu hizo mbili na kuwaambia kwamba wanaomba nafasi kwa watu wanaojua maana ya kuhama.

Mfumo wao wa elimu aliufundisha kwa dakika kumi, bila kusoma popote. Mtoto huanza shule akiwa na miaka minne au mitano, na sheria inamtaka awe shuleni kuanzia miaka sita hadi kumi na sita. Msingi ni miaka minane. Sekondari ni mitano au sita, kwa kuwa mwaka wa nne ni wa hiari. Shule nyingi za msingi ziko chini ya Kanisa Katoliki ingawa serikali ndiyo inayowalipa walimu. Kiayalandi ni somo shuleni, ila wengi nyumbani husema Kiingereza. Hapo ndipo wazazi wa Yeoville walipocheka, maana watoto wao husikia Kiswahili na kujibu kwa Kizulu. Jeannine alikuwa akimalizia hivi: "Ni ndugu zetu hawa. Lugha yao wanaitungia mitihani, halafu wanagombana kwa Kiingereza."

Mtihani wa mwisho wa sekondari ya Ayalandi huitwa Leaving Certificate. Jina hilo ndilo lililomkwaza.

Machi 2017 Bw. Fahad Shomari, mwenye spaza, yaani duka dogo la mtaani, huko Soweto, alimleta binti yake Nusaiba. Nusaiba alikuwa amemaliza kidato cha sita Tanga na aliomba kusomea uuguzi katika chuo kimoja cha Ayalandi. Chuo kilitaka Leaving Certificate au cheti kinacholingana nacho. Nusaiba alikuwa nayo karatasi yenye maneno hayo hayo juu yake kwa herufi kubwa. Kila Mtanzania anaijua karatasi hiyo: mkuu wa shule humpa mwanafunzi anayeondoka, ikitaja tarehe, tabia na michezo. Ya Nusaiba ilisema ni mtiifu na hucheza netiboli. Alama za mitihani hazimo. Cheti chenye alama hutolewa na baraza la mitihani, na Nusaiba hakuombwa akilete. Jeannine, ambaye kwao Kongo hakuikuta karatasi ya namna hiyo, alilinganisha jina kwa jina, akatia tiki.

Jibu la chuo lilifika Jumatatu tarehe 27. Walitaka matokeo ya mitihani, yatumwe na baraza moja kwa moja, kabla ya Ijumaa. Utaratibu huo huchukua wiki kadhaa. Fahad alifunga duka akaja. "Eish, mama, jina walilotaka si ndilo hili? Au ya Tanga wanaidharau?" Jeannine alimweleza kwamba chuo hakina kosa, Tanga haina kosa, na Nusaiba pia hana.

Meneja wetu, Bw. Évariste, alipendekeza barua ya kukijibu chuo iseme kwamba mwombaji aliwasilisha karatasi isiyo sahihi. Aliilinda sifa ya ofisi, na alisema si uongo. Jeannine alimjibu, "Aliileta, ndiyo. Na tiki ni ya nani?" Barua iliyokwenda ilisema kosa ni la mkaguzi, ikataja jina lake kamili. Chuo kilishukuru kwa ukweli, lakini nafasi za mwaka huo zilikuwa zimefungwa. Nusaiba akapoteza mwaka mzima, akiuza mkate na vocha kwenye duka la baba yake.

Jeannine aliomba asistaafu mpaka faili hilo limalizike. Aliliandikia baraza barua yeye mwenyewe na kuhakikisha matokeo yamefika chuoni Novemba 2017, miezi minne kabla ya siku ya mwisho. Pia alitufundisha sote kosa lake, na kwenye fomu mpya ya ukaguzi swali la kwanza sasa ni: "Alama ziko wapi?"

Jumatatu tarehe 10 mwezi huu Nusaiba alituma picha ya kitambulisho chake cha mwanafunzi. Jeannine alikagua kwanza herufi za jina, kisha tarehe ya kuzaliwa. Hakukuta kosa. Juu ya faili aliandika, "Yuko darasani," na kesho yake akamkabidhi Évariste barua ya kuondoka yenye mistari mitatu.

Meza ya Ayalandi inachukuliwa na mwenzetu Bi. Jocelyne.

Mama Jeannine, tunakushukuru kwa barua zote, hasa ile uliyoitia jina lako. Upumzike kwa afya na amani, na kila kheri iwe nawe.