Sahani ya Mwisho ya Lazaro Mhando

Aliye jikoni apunguze moto kidogo. Aliye shambani akae kivulini, jembe litamsubiri. Wasikilizaji wapendwa wa Kilosa, Mikumi na vijiji vyote vya katikati, leo tuna msiba. Mzee Lazaro Mhando wa kijiji cha Mgogozi, upande wa Zombo, ametutoka. Lazaro Mhando, fundi wa msumeno wa almasi. Ndiye aliyekata mawe ya daraja la Mgogozi.

Sitampaka marehemu mafuta. Mzee Lazaro alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Mwaka juzi nilikwenda kwake na kinasa sauti changu, nikamwamkia shikamoo nikiwa bado juu ya pikipiki. Marahaba sikupata. Alinitazama, akasema, "Shuka kwanza, halafu uanze upya." Nikashuka, nikaanza upya. Ndipo akaniitikia, akanipa na kigoda.

Yale aliyonieleza siku ile, na aliyonieleza mjane wake juzi pale msibani, ndiyo nitakayowasimulia.

Lazaro alizaliwa milimani, kwenye familia ya wakulima, akasoma shule ya misheni. Tulipopata Uhuru alikuwa kijana anayetafuta kazi. Barabara ya lami ya kupita Mikumi ilipoanza kujengwa, akaajiriwa. Wakampa msumeno wa kukata zege. Ni mashine ya dizeli yenye sahani ya chuma inayozunguka kwa kasi, na kwenye ukingo wa sahani kuna meno. Meno hayo yana almasi. Wala usifikirie almasi ya pete, msikilizaji. Ni punje ndogo kama chumvi, zimechanganywa na unga wa chuma, zikaokwa pamoja. Chuma ndicho kinachozishika punje, na punje ndizo zinazokata.

Barabara ikaisha, wajenzi wakaondoka. Mashine moja ikabaki, na sahani zake chache.

Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Familia zikateremshwa kutoka milimani, zikakutanishwa Mgogozi. Lazaro alikuja na mkewe, Raheli, bibi arusi wa majuzi tu. Nyumba zilipangwa mstari, na shamba la ujamaa likapimwa. Lakini zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto wa Mgogozi tunaujua. Kiangazi unavuka bila kulowesha goti. Mvua ikinyesha milimani, hata ng'ombe anabebwa.

Masika ya kwanza mama mmoja alifia ukingoni, uchungu umemshika, zahanati anaiona kwa macho. Kijiji kikaamua: daraja lijengwe kabla mvua nyingine hazijafika. Kujenga kwa nguvu zetu wenyewe, ndivyo tulivyokuwa tukisema. Saruji ilikuwa haipatikani, kwa hiyo nguzo zingejengwa kwa mawe yaliyokatwa sawasawa, yalaliane bila kuhitaji saruji nyingi. Na mawe yanakatwa na nani? Lazaro.

Mwaka ule Raheli alikuwa mjamzito, mimba yao ya kwanza. Mtoto angezaliwa mvua zikianza.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia, maana ni kosa la watu wenye nia njema. Kijiji kilichagua jiwe la mchanga, lile jekundu linalomeguka. Wakasema jiwe laini litautunza msumeno. Ni kinyume chake, wasikilizaji wapendwa. Jiwe gumu linazichosha punje za almasi taratibu. Jiwe la mchanga linasaga kile chuma kinachozishika, na almasi inadondoka nzima kabla haijafanya kazi yake. Narudia, maana hata mimi nilielezwa mara mbili: jiwe laini la mchanga ndilo linalomaliza msumeno haraka.

Kosa la pili lilikuwa la maji. Msumeno ule ulitaka maji muda wote, ya kupoza meno na kuosha unga wa jiwe. Kiangazi kile kilikuwa kikali. Maji yaliletwa na Saning'o, mfugaji wa bondeni, kwa punda wake, kutoka kisima kilekile walichonyweshea ng'ombe. Kila pipa lililokwenda kwenye mashine lilikuwa limetoka mdomoni mwa ndama. Basi Lazaro, kwa kubana matumizi, akachimba shimo chini ya mashine. Maji yaliyokwishatumika yakaingia shimoni, akayachota, akayamimina tena. Nani angemlaumu? Sisi tumelelewa hivyo, maji ya kuoshea vyombo yanakwenda kwenye mchicha.

Lakini maji yale yalikuwa uji wa mchanga. Yalipita chini ya kila jino, pale lilipounganishwa na sahani, yakala chuma kidogo kidogo. Meno yakabaki na shingo nyembamba. Na Lazaro, kwa hasira zake, alikuwa anasukuma mashine kwa nguvu, mvua isije ikamkuta.

Siku moja asubuhi jino likang'oka. Lilitoka kama risasi. Saning'o alikuwa anafungua pipa, punda amesimama mbele ya mashine, kwenye mstari wa sahani. Jino lilimpiga punda shingoni. Akaanguka na pipa lake, akafa palepale.

Mzee Saning'o yupo hai, nilimkuta msibani. Haya ni maneno yake: "Nilimuuliza Lazaro, hiki kitu chako kinaua? Akaniambia, punda wako kasimama vibaya. Niliswaga punda wangu wengine nikaondoka."

Punda wako kasimama vibaya. Ndivyo alivyosema. Niliwaambia, sitampaka mafuta.

Kazi ikasimama. Maji hakuna. Sahani ile haikufaa tena, na kwenye sanduku ilibaki moja tu, imepakwa grisi, ya mwisho. Nyingine ingeagizwa nje, na fedha za kigeni nchi haikuwa nazo. Mwezi uliofuata ndio wa mvua. Raheli aliniambia, "Nilikuwa naamka namkuta amekaa mlangoni anatazama mawingu. Sikuwahi kumwona mume wangu anaogopa kitu. Wakati ule alikuwa anaogopa, na mimi nikamwogopa yeye."

Fundi wa ujenzi wa mkoa, Bwana Rafaeli, akaja kutoka Morogoro. Alikaa na Lazaro mbele ya sahani iliyoharibika, wakapapasa shingo ya kila jino. Rafaeli alieleza habari ya chuma na mchanga. Lazaro akasema habari ya maji ya shimoni kabla hajaulizwa. Muda wa kutafuta jiwe jingine haukuwepo, kwa hiyo wakakubaliana. Maji yawe safi, na yale ya kurudiwa yatuame kwanza kwenye mapipa matatu, yachotwe ya juu tu, kama akina mama wanavyofanya mto ukichafuka. Mashine isisukumwe, iende kwa uzito wake. Kila baada ya jiwe, izimwe, shingo za meno zipapaswe.

Yote hayo yalitaka maji mengi zaidi, na mwenye punda alikuwa amenuna.

Raheli ndiye aliyesema, "Nenda kamwombe radhi." Lazaro akajibu kwamba ataituma kamati. Raheli akamwambia, "Kamati haikuua punda." Basi akaenda. Aliteremka mtoni, kwenye mchanga mkavu, akatafuta mpaka akapata majani mabichi, akayang'oa. Kwa Wamaasai kama Saning'o, ukija na majani mabichi mkononi, unaomba amani, na mwenye kuombwa hawezi kukufukuza kama mbwa. Lazaro, yule mkali, akasimama nje ya boma la Saning'o na majani yake, jua la saa saba. Aliachwa asimame. Hatimaye Saning'o akatoka.

"Alisema punda hakusimama vibaya," Saning'o aliniambia. "Alisema, mimi ndiye niliyekosa. Nikayapokea majani yake. Lakini nikamwambia, maneno nimesikia, sasa nataka kuona. Punda wangu wakiwa uwanjani na mashine inaunguruma, wewe utasimama pale aliposimama punda wangu. Si siku moja. Kitu kipya ni kizuri siku zote. Utasimama mpaka kiwe kimechakaa."

Lazaro akakubali.

Hebu fikiri, msikilizaji. Rafaeli ameshika mashine. Sahani ya mwisho inazunguka. Mbele yake, kwenye mstari uleule, amesimama mtu mwenye mke mjamzito. Maji yanamwagika, jiwe jekundu linalia. Lazaro aliniambia kwamba siku za mwanzo alikuwa akiyatazama meno, lakini yakizunguka huoni jino, unaona ukungu tu. Akaacha kutazama, akawa anasikiliza. Mashine ikizimwa, Rafaeli anapapasa shingo moja baada ya nyingine, anasema, "Zipo." Wanawasha tena. Raheli hakwenda uwanjani hata mara moja. Alikuwa anatwanga nyumbani, na mlio ukikatika ghafla, mchi unabaki hewani.

Mawe yakaongezeka, nguzo zikapanda. Meno yakapungua urefu, lakini shingo zilikuwa nzima. Sahani ile ilikuwa imekwishakata mara mbili ya ile iliyoua punda.

Halafu siku moja, katikati ya jiwe, mlio ukabadilika. Ukawa mwembamba. Rafaeli akakodoa macho kwenye bomba, maji hayatoki. Jani lilikuwa limeliziba. Sahani inazunguka kavu, na moshi umeanza kutoka kwenye jiwe. Chuma kikipata moto namna ile, jino linaweza kuachia muda wowote. Rafaeli akavuta mpini wa kuzimia mashine, lakini sahani haisimami mara moja, inaendelea kuzunguka kwa nguvu yake. Kila mtu uwanjani akalala chini. Lazaro hakulala. Alikuwa ameahidi. Alisimama, shati limelowa jasho, macho ameyafumba, mpaka sahani ikatulia.

Wakaiacha ipoe. Rafaeli akapapasa shingo za meno yote. "Zipo," akasema.

Saning'o akamfuata Lazaro, akamshika mkono, akamtoa kwenye ule mstari. "Toka hapa," akamwambia. "Nimeona." Tangu siku ile Lazaro akashika mashine mwenyewe tena, na Rafaeli hakumwona akiisukuma tena hata siku moja.

Ningependa niishie hapo, wasikilizaji wapendwa. Siwezi.

Mvua zilitangulia. Zilianza milimani kabla ya wakati wake, na mto ukashuka mwekundu na magogo. Nguzo zilikuwa zimesimama, lakini mawe ya juu yalikuwa hayajakatwa yote, na magogo ya kupitia yalikuwa bado hayajalazwa. Uchungu ukamshika Raheli alfajiri. Wanaume walifunga kamba, wakajaribu kuvuka, mto ukawarudisha. Mtoto alizaliwa nyumbani, adhuhuri, wa kike. Alivuta pumzi, akalia kidogo. Jua lilipotua alikuwa hayupo.

Walimzika kesho yake asubuhi, nyuma ya nyumba. Watu wakakaa na wafiwa. Mwenyekiti wa kijiji akasema kazi ipumzike. Lazaro akanyanyuka, akajifuta udongo mikononi, akaelekea kwenye mashine. Watu wakamfuata wakidhani akili imemruka. Mwenyekiti akamuuliza kwa upole, "Ndugu Lazaro, unakwenda kumkatia nani leo?"

Lazaro akasema, "Mke wa Saning'o ana mimba. Washeni mashine."

Saning'o alikuwa pale. Aliniambia, "Mimi nilikuwa sijamwambia mtu. Kwetu mimba haitangazwi. Sijui aliijuaje. Labda siku ile aliposimama nje ya boma langu alimwona mke wangu, Nalangu, akipita."

Wakawasha. Sahani ya mwisho ikakata mawe yaliyobaki, polepole, kwa maji safi ya mvua. Jiwe la mwisho lilipokatika, meno yalikuwa yamebaki kama ganda la yai, na hakuna hata moja lililong'oka. Magogo yakalazwa. Nalangu alipofikiwa na siku zake za kujifungua, alivuka mto umejaa, akitembea kwa miguu yake. Akajifungua ng'ambo, salama. Baada yake wakavuka wengine, na Raheli naye akavuka, akamzaa Timotheo, kisha Fausta.

Juzi nilimuuliza Bibi Raheli kama ni kweli wanavyosema watu, kwamba daraja lile mumewe alimjengea yeye. Akasema, "Lilianza kuwa langu. Kisha likachelewa. Mwanangu, siku ile alipoondoka kaburini kwenda kuwasha mashine nilimchukia. Nilimchukia mpaka nilipomsikia mtoto wa Nalangu akilia mgongoni mwa mama yake, wanarudi. Hapo nikalia na mimi. Nililia sana, na chuki ikaisha."

Mzee Lazaro Mhando alifia hospitali ya Kilosa. Kesho mwili wake unarudishwa Mgogozi. Gari litaishia ukingoni, vijana watambeba begani kulivuka daraja, na atazikwa nyuma ya nyumba, kando ya binti yake.

Kwa Bibi Raheli, kwa Timotheo na Fausta, kwa wajukuu, na kwa Mzee Saning'o na boma lake lote: poleni sana. Sisi wa kipindi hiki tunalia nanyi. Bwana alitoa, na Bwana ametwaa.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize kidogo kabla hujarudi kwenye kazi zako. Mwanao umemzika asubuhi. Daraja halikumfaa. Mashine iko pale, na mke wa jirani yako ana mimba. Je, ungewasha?