Bi Mkasi, Fundi wa Kadi Zinazoamka

Ndugu, majirani, wateja na marafiki mliofika kumsindikiza mama yetu, familia inawasomea maisha yake kama alivyoagiza mwenyewe, yaani bila kupakwa rangi, kwa sababu alikuwa na mazoea ya kurudi kutoka mazikoni akinung'unika kwamba humo kwenye historia za marehemu hakuna aliyewahi kununa wala kugombana na mtu, na jambo hilo lilimtia shaka.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Mkasi, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika nyumba ya kupanga iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha uchapaji, akiwa mtoto wa tatu wa fundi wa kujalidi vitabu na mkewe aliyekuwa mshonaji. Alikulia kwenye mabaki ya karatasi, na inasemekana kila kifurushi kilichoingia nyumbani alikifungua kimyakimya, akaona kilichomo, akakifunga tena hivi kwamba mwenyewe hakugundua.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, na akiwa darasa la sita alipeleka kwa mwalimu wa jiografia karatasi iliyokunjwa, ambayo ukiifungua mlima unasimama, na ukivuta utepe wa pembeni mto unateremka. Mwalimu hakuamini kuwa ni kazi ya mikono yake, akamwambia mbele ya wenzake, "Sema ukweli, baba yako ndiye aliyekufanyia," kisha akampa mkasi na karatasi ili airudie pale pale, naye akairudia huku machozi yakimdondokea kwenye mikunjo. Alisifiwa na kupigiwa makofi, lakini tangu hapo mtu akimsifu, yeye alianza kutafuta mtu huyo anataka nini.

Alihitimu sekondari mwaka 1974, akaajiriwa mwaka uliofuata kama mkata karatasi kiwandani, na mwaka 1983 akafungua karakana yake katika chumba kimoja kati ya fundi saa na duka la dawa, akishirikiana na rafiki yake wa tangu shule, ambaye kwa uzuri wa maandishi yake tulimwita Mwandiko. Bi Mkasi alikata na kukunja, Mwandiko aliandika maneno ya ndani, na kutoka meza ile zilitoka kadi za harusi zenye mlango unaofunguka na maharusi wakatokea, kadi za watoto zenye gurudumu la karatasi unalolizungusha jua likageuka mwezi, na ile iliyowapa jina, ndege anayepiga mabawa ukivuta utepe, ambayo mtoto mmoja aliifungua akapiga kelele, "Imeamka!"

Mwaka 1984 alianza kufika pale fundi umeme mmoja, kijana mpole, akaagiza kadi ya msichana, akaja kesho yake kubadilisha rangi, akaja tena kubadilisha ua, na kila akija alikaa muda mrefu akitazama mikono ya fundi. Bi Mkasi alimnong'oneza Mwandiko, "Huyu ametumwa, anaiba ujuzi wetu," akawa anafunika kazi kwa gazeti kila kijana akikanyaga kizingiti. Kadi ilipokamilika akamuuliza jina la kuandikwa, naye fundi umeme akajibu, "Liandike lako, maana ni yako." Bi Mkasi aliichukua akaikagua wiki nzima akitafuta mtego, asiuone, na tarehe 2 Machi 1985 wakafunga ndoa, wakajaliwa binti mwaka 1987 na mtoto wa kiume mwaka 1991.

Mwaka 1998 ndipo mambo yalipoharibika. Duka lililokuwa ng'ambo ya barabara lilianza kuuza ndege yule yule, akiwa na kile kiwiko cha karatasi kinachoinua bawa, kilichojificha chini yake, na marehemu alijua kwamba kiwiko hicho kimeonwa na watu wawili tu duniani, yeye na Mwandiko. Alianza kumtazama rafiki yake akifunga mkoba, akahesabu mabaki kwenye kapu, kisha akatengeneza kadi mpya ya kipepeo, akatia ndani mkunjo mmoja usio na kazi yoyote, akamwonyesha Mwandiko peke yake, akaiweka kwenye kabati. Haukupita mwezi, kipepeo akaonekana ng'ambo, na mkunjo wake wa bure ndani.

"Umeniuza," alimwambia.

"Nimekuuza kwa nani, na nimeuza nini?" Mwandiko alimjibu. "Mimi hata bahasha naikunja kombo."

"Kipepeo niliyekuonyesha wewe amefikaje kule?"

"Sijui amefikaje. Najua tu kwamba umenitega kama panya, baada ya miaka yote hii." Akakusanya kalamu zake, akaondoka, na kwa miaka sita wawili hao walipokutana sokoni mmoja wao alivuka barabara.

Mwaka 2004 alifika mteja mmoja, mama mtu mzima, akileta kadi iliyochoka itengenezwe, na marehemu alipoifungua akamwona kipepeo wake wa mtego, kadi yenyewe aliyodhani imekaa kabatini hadi ilipopotea rafu zilipohamishwa. Viungo vyote vilikuwa vimepasuliwa kwa wembe na kubandikwa upya kwa gundi ya njano ambayo karakana yake haikuwahi kuitumia.

"Umeipata wapi hii?" aliuliza.

"Si hapa hapa? Mumeo aliniuzia, siku ulipompeleka mtoto hospitali naye akabaki hapa. Jirani yangu mwenye lile duka la ng'ambo akaiazima kwangu, akasema anapenda aitazame, akanirudishia ikiwa hivi. Hata ile ya ndege aliazima kwangu."

Mumewe alipoulizwa alikumbuka vizuri, akasema mteja alikuwa na haraka na yeye hakujua kuwa kadi ile haiuzwi, na ni kweli hakujua, kwa kuwa mkewe hakumwambia, alikuwa akimshuku hata yeye.

Alikwenda kwa Mwandiko siku hiyo hiyo, na aliyoyasikia mlangoni alitusimulia mwenyewe.

"Umekuja kunipekua?" Mwandiko aliuliza bila kumkaribisha.

"Nimekuja kukuomba radhi. Hukuwa wewe."

"Mimi nilijua tangu zamani kwamba sikuwa mimi."

Mwandiko alimwacha amesimama mpaka miguu ikamuuma, kisha akamwambia amemsamehe, aingie wanywe chai, ila meza moja hawatakaa tena. Wakawa wanatembeleana na kucheka, lakini kazi kila mtu aliifanya kivyake, na marehemu alikiri kuwa kadi zake za miaka hiyo zilifunguka vizuri na ndani hazikuwa na neno la maana.

Mumewe alitangulia mwaka 2016. Mwezi Februari 2023 marehemu alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili, akalazwa, na vipimo vikaonyesha saratani ya ini iliyokwisha kusambaa. Sisi wanawe tulikubaliana na daktari kumwambia ni vidonda vya tumbo, lakini tulikuwa tumesahau tunamdanganya nani. "Tangu lini mkakubaliana nami kwa kila jambo?" alituuliza. "Nikisema chai hii ya baridi ni ya moto, mnaitikia."

Aliagiza karatasi, mkasi na rula, na akamwita Mwandiko aje aandike maneno. Mwandiko aliijua habari, nasi tulikuwa tumemwomba anyamaze, akaketi kitandani kalamu mkononi akisubiri kuulizwa. Mama akamtazama, akasema, "Wewe sikuulizi. Nilishakuuliza vibaya mara moja, inatosha. Niandikie tu." Wakafanya kazi mchana kutwa, ubao wa chakula wa hospitali ukiwa meza yao.

Daktari alipopita kesho yake alipewa kadi yenye tepe mbili, mmoja umeandikwa "Atapona" na mwingine "Hatapona," akaombwa avute mmoja. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akamtazama binti, na binti akatazama dirisha. Daktari akavuta wa pili. Dirisha dogo la karatasi likafunguka, na ndani, kwa mwandiko ule mnaoujua, pameandikwa, "Ahsante, daktari, kwa kuniheshimu." Alipotoka, mtoto wa kiume alishindwa kujizuia, akavuta ule mwingine, kikatokea kijitu chenye ulimi mrefu kilichoandikwa "Mwongo," na mama akacheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini.

Kuanzia hapo alilala vizuri zaidi, na alifariki dunia tarehe 17 Agosti 2023, saa za asubuhi, Mwandiko akiwa kando yake.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wote, majirani waliopika na kukaa nasi, fundi saa, wauza dawa na mafundi wa kiwandani, na wateja waliomwamini hata siku ambazo yeye hakuwaamini, na kwa namna ya pekee rafiki yake, ambaye leo tumemketisha pamoja na ndugu.

Mama, ulikesha miaka mingi ukitulinda na ukituchunguza, sasa fumba macho, pumzika kwa amani, sisi tupo.